Kipimo cha malaria ni hasi na homa haishuki: umemwambia daktari kuhusu mbuzi wako?

Ndugu msomaji, wiki hii nazungumza na wewe uliyewahi kutoka zahanati umenuna kwa sababu umeambiwa mwanao hana malaria. Nakuelewa. Mtoto anachemka, amekataa uji tangu jana, umeteremka naye kutoka Kibosho au Uru kwenye daladala iliyojaa, umekaa foleni tangu saa moja asubuhi, halafu kipimo kinatoka hasi. Wengi hapo husema maneno mawili ninayoyasikia karibu kila siku: "Malaria haijaonekana." Maana yake ipo, ila imejificha. Kisha dawa mseto inaombwa hata hivyo, na ikikataliwa hapa inanunuliwa duka la dawa kule.

Mimi naona kipimo kikitoka hasi, mazungumzo kati yako na daktari ndiyo kwanza yameanza. Na kwetu huku Kilimanjaro, moja ya maswali ya mwanzo kabisa linapaswa kuwa: unaishi na wanyama gani, na wiki chache zilizopita ulifanya nao nini? Daktari asipokuuliza, mwambie wewe.

Sisemi hivi kwa kubahatisha. Kuanzia Septemba 2007 hadi Agosti 2008, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za hapa Moshi, KCMC na Mawenzi. Kati yao 467 walikuwa watoto, na 403 vijana na watu wazima. Madaktari waliowapokea waliwaandikia malaria wagonjwa 528, yaani sita katika kila kumi. Damu ilipochunguzwa kwa makini maabara, ambao homa yao ilitokana na malaria kweli walikuwa 14. Naomba usome tena. Waliodhaniwa ni 528, waliokuwa nayo ni 14.

Sasa hao wengine walikuwa na nini? Baadhi walikuwa na bakteria wa kawaida kwenye damu, wengine kifua kikuu au fangasi kwenye damu, wengine chikungunya inayoletwa na mbu. Lakini kuna kundi ambalo hakuna aliyelitarajia. Baadhi ya wagonjwa walipimwa kundi la magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama kuja kwa binadamu, na 118 wakakutwa nayo. Hiyo ni zaidi ya mmoja katika kila wanne. Wagonjwa 40 walikuwa na homa ya mgunda, 36 walikuwa na homa ya kupe, 24 homa ya Q, 16 brusela, na wawili taifasi (ambayo si taifodi, ingawa majina yanafanana).

Linaloniuma zaidi ni hili: katika wagonjwa wote hao, hakuna hata mmoja ambaye wakati wa kulazwa daktari aliandika, hata kama dhana tu, kwamba huenda ugonjwa wake ni mmoja wa hayo. Watu waliingia wodini na kutoka, wengine hawakutoka wazima, na neno ng'ombe au mbuzi halikuandikwa.

Haikuwa mara ya kwanza kuonywa. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti kutoka hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa 4,474 walilazwa na kutibiwa malaria kali, na waliokutwa na vimelea vya malaria kwenye damu walikuwa 2,062, chini ya nusu. Kwa hiyo tatizo lilikuwa linajulikana. Ambacho hakikujulikana ni nani anajificha nyuma ya jina la malaria.

Kabla sijaendelea, tafadhali usinielewe vibaya. Malaria bado ipo na bado inaua. Homa yoyote ipimwe malaria, siku hiyohiyo, na kama umetoka safari ya Kigoma, Geita, Lindi au Tanga, mwambie mhudumu. Chandarua kibaki kitandani. Ninachopinga ni kumpa mtu dawa ya malaria wakati kipimo kimesema hana, kisha kukaa kusubiri apone.

Sasa tazama tunavyoishi. Kwenye kihamba, banda la ng'ombe liko hatua chache kutoka mlango wa jikoni, na katika nyumba nyingi za zamani mnyama na mtu walilala chini ya paa moja. Ng'ombe hatoki, majani analetewa. Mama anateremka tambarare au ananunua mzigo wa majani uliopanda kwa gari, anaubeba kichwani hadi nyumbani. Samadi inatolewa kwa mikono na koleo, inawekwa kwenye migomba na kahawa. Mbuzi akizaa usiku wa baridi, vitoto vinaletwa jikoni karibu na moto, na watoto wetu ndio wanaovikumbatia. Ni maisha mazuri, na maziwa ya ng'ombe mmoja yamesomesha watu wengi katika mkoa huu, mimi nikiwemo. Simwambii mtu auze mifugo. Nasema tu kwamba anayeishi hivi akipata homa, habari za banda lake ni sehemu ya ugonjwa wake.

Nianze na homa ya mgunda, kwa sababu ndiyo iliyoongoza katika ule utafiti. Mgunda ni shamba, na jina hilo lilivuma nchini Julai 2022, Wizara ya Afya ilipotangaza mlipuko wilayani Ruangwa, mkoani Lindi. Wakati wa tangazo hilo walikuwa wameripotiwa wagonjwa 20 na vifo vitatu. Bakteria wake hukaa kwenye figo za mnyama na kutoka na mkojo. Mkojo unaingia kwenye maji, tope, samadi. Wewe unapita na mguu wenye mchubuko, au unanawa uso kwa maji hayo, basi.

Ukimuuliza mtu yeyote ugonjwa huu unatoka wapi atasema panya. Hata vitabu tulivyosomea vilimweka panya mbele. Lakini watafiti walipowachunguza wanyama wa kaskazini mwa Tanzania, walikuta bakteria hao kwa takribani ng'ombe 7 katika kila 100, na kwa mbuzi na kondoo kama mmoja katika kila 100. Walinasa pia panya na jamii yake 384. Hawakumkuta hata mmoja mwenye maambukizi. Na walipowauliza wagonjwa wa hapa kazi walizofanya kabla ya kuugua, zilizojitokeza ni kufanya kazi kwenye mashamba ya mpunga, kusafisha kinyesi na mkojo wa ng'ombe, na kulisha ng'ombe. Kwa hiyo yule unayemwita mama wa nyumba, anayemkatia majani na kumwagia maji kila asubuhi, ndiye anayestahili kutazamwa kwanza. Mtego wa panya utakusaidia kulinda mahindi.

Dalili zake ni za kawaida mno: homa ya ghafla, kichwa, misuli kuuma hasa ya ndama za miguu, macho mekundu. Wengi hupona. Wachache hugeuka manjano, mkojo unapungua, figo zinashindwa, wengine wanatoka damu. Hao hawana muda wa kuzungushwa na dawa za malaria kwa siku tano.

Homa ya kupe ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, kwa sababu kupe tunamjua tangu utotoni na tumemzoea. Mfugaji anajua kwamba kupe huleta ndigana kwa ng'ombe. Ndigana kali haimpati binadamu, hilo lisikutishe. Lakini kupe yuleyule au ndugu zake wanaweza kubeba bakteria wengine ambao wanatupata sisi. Siku kadhaa baada ya kuumwa inakuja homa, kichwa kikali, shingo au mgongo kuuma, tezi kuvimba kwenye kinena au kwapa. Mahali alipouma mara nyingi panakuwa na kidonda kidogo chenye gamba jeusi, kama mtu aliyechomwa na sigara. Vipele vinaweza kutokea, ila kwenye ngozi yetu nyeusi havionekani kirahisi. Kidonda hicho hakiumi sana, kwa hiyo mgonjwa hakitaji, na daktari asipomvua mgonjwa nguo na kutazama nyuma ya magoti, kiunoni, chini ya matiti na kichwani kwa mtoto, hakioni. Mama, unapomwogesha mtoto mwenye homa, tazama sehemu hizo. Ukiona gamba jeusi, usilibandue. Mwoneshe daktari.

(Wasomaji wa Dodoma wataniuliza kuhusu homa ya papasi. Hiyo ni nyingine, ya kurudiarudia, inaletwa na papasi anayeishi kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo na kuuma usiku. Robert Koch mwenyewe alikuja kuichunguza katika koloni la Wajerumani mwaka 1905. Tutaizungumzia siku nyingine.)

Homa ya Q ina jina la ajabu. Ilianza kuchunguzwa kwa wafanyakazi wa machinjio huko Brisbane, Australia, mwaka 1935. Daktari Edward Derrick hakujua ni ugonjwa gani, akauita kwa herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya swali. Chanzo kikapatikana, jina likabaki. Kupe wanaweza kuwa na bakteria hao, lakini mara nyingi binadamu huwavuta kwa pumzi. Mbuzi, kondoo au ng'ombe mwenye maambukizi akizaa au akitupa mimba, kondo la nyuma na majimaji ya uzazi hubeba bakteria kwa wingi wa kutisha. Yakikauka yanakuwa vumbi, na vumbi hilo linabaki na uhai kwa muda mrefu. Uholanzi, nchi tajiri yenye maabara kila kona, walipata zaidi ya wagonjwa 4,000 kati ya 2007 na 2010 kutokana na mashamba ya mbuzi wa maziwa, na wengi wa wagonjwa hao hawakuwa wafugaji. Walikuwa majirani tu, upepo uliwafikia.

Homa ya Q inaweza kuwa kama mafua makali au nimonia, ikaisha. Kwa mwenye matatizo ya valvu za moyo inaweza kujificha na kuharibu moyo baada ya miezi. Kwa mjamzito inaweza kusababisha mimba kuharibika. Ndiyo maana nasema, bila kumung'unya maneno: mjamzito asimzalishe mbuzi, na asisafishe mahali mbuzi alipozalia. Kazi hiyo aifanye baba.

Brusela naiacha mwisho kwa sababu ndiyo inayotesa muda mrefu, na kwa sababu inapitia kwenye kitu tunachokipenda. Mwaka juzi nilimwona mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyekuwa na homa za jioni kwa zaidi ya miezi miwili. Anatoka jasho usiku hadi kubadilisha shuka, mgongo na nyonga vinauma, kilo zimepungua. Alikuwa ametibiwa malaria mara mbili na taifodi mara tatu, sehemu tofauti tofauti. Ndugu walishaanza kunong'ona kuhusu Ukimwi, na yeye alikuwa amepima mara mbili, hana. Nilipomuuliza kuhusu mifugo alicheka, akadhani nataka kununua maziwa. Kisha akasema mbuzi wake wawili walitupa mimba mwezi mmoja kabla hajaanza kuumwa, na yeye ndiye aliyewavuta watoto wale kwa mikono, bila kitu. Kipimo sahihi kilithibitisha. Alitibiwa wiki sita kwa dawa mbili, akarudi sokoni.

Kisa hicho si cha pekee. Utafiti uliolinganisha wagonjwa wa brusela na watu wengine wa eneo hili uliwakuta wagonjwa wakiwa zaidi ni wale waliosaidia mbuzi au kondoo kuzaa. Makadirio ya mkoa wetu ni kama wagonjwa 35 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka katika kipindi cha 2007 hadi 2008, na 33 kati ya 2012 na 2014. Tofauti ni ndogo. Miaka ilipita, ugonjwa ulikaa palepale.

Njia nyingine ya brusela ni maziwa mabichi. Hili limejulikana kwa zaidi ya miaka mia moja. Kisiwani Malta, mwaka 1905, Themistocles Zammit aligundua kwamba homa iliyokuwa ikiwaangusha askari wa Uingereza ilikuwa kwenye maziwa ya mbuzi. Mwaka uliofuata askari walipoacha kunywa maziwa hayo, wagonjwa walipungua haraka sana. Hakuna dawa mpya iliyohitajika.

Najua utasema: "Daktari, sisi hatunywi maziwa mabichi, tunakunywa mgando." Mgando uliotokana na maziwa ambayo hayakuchemshwa ni maziwa mabichi yaliyochacha. Uchachu hauwaui bakteria hawa kwa uhakika. Na wale wanaodai kwamba maziwa yaliyochemshwa hayagandi, hilo si kweli. Chemsha hadi yaumuke, yaache yapoe hadi yawe na joto la mwili, changanya vijiko vichache vya mtindi wa jana kama mbegu, funika. Kesho yake una mgando mzito na salama. Damu mbichi wakati wa kuchinja nayo ni njia ya maambukizi. Desemba inakuja, vijana watapanda kutoka Dar es Salaam, mbuzi watachinjwa kila ukoo. Kisusio kichemke kwelikweli.

Hapa lazima niseme neno kuhusu taifodi. Malaria ikiwa hasi, jina linalofuata katika vituo vingi ni taifodi, mara nyingi kwa kipimo cha haraka cha tone moja la damu ambacho hutoka chanya hata kwa mtu aliyewahi kuugua zamani au aliyekutana na vimelea vingine. Kuna watu katika mji huu "wana taifodi" kila baada ya miezi mitatu. Hapana. Taifodi haiishi hivyo. Uhakika wake ni kuotesha damu maabara. Brusela nayo ina vipimo vya haraka visivyoaminika. Nchini Kenya, watafiti walipokichunguza kimoja kilichokuwa kikitumika sana katika vituo vya serikali, walikuta kinakosa wagonjwa wengi na kuwapachika ugonjwa watu wasio nao. Kwa hiyo ukiambiwa una brusela au taifodi kwa kipimo cha dakika kumi, uliza kwa heshima: "Daktari, kuna kipimo cha kuhakikisha?" Hakuna daktari mzuri atakayekasirika.

Kwa nini basi hatuulizi kuhusu mifugo? Foleni ni sababu moja. Mazoea ni nyingine. Lakini iko ya tatu ambayo wagonjwa hawaambiwi: kwa mengi ya magonjwa haya, hata maabara nzuri haiwezi kunipa jibu leo. Wale watafiti wa Moshi walilazimika kuchukua damu mgonjwa alipolazwa, kisha kumwita tena baada ya wiki kadhaa na kuchukua nyingine, ili kuona kama kinga ya mwili dhidi ya ugonjwa fulani imepanda. Jibu linapatikana mgonjwa akiwa amepona au amezikwa. Kitandani, usiku, mbele ya mtoto anayetetemeka, nina macho yangu, mikono yangu na maelezo yako. Mzazi akiniambia "tulizalisha mbuzi wiki mbili zilizopita", au "nilimtoa kupe hapa kiunoni", ameniletea kitu ambacho mashine iliyopo haiwezi kunipa.

Na maelezo hayo yanabadilisha matibabu. Mgonjwa wa homa akilazwa, mara nyingi hupewa sindano ya seftriaksoni. Ni dawa nzuri, inasaidia kwa magonjwa mengi, hata homa ya mgunda. Lakini haiponyi homa ya kupe wala homa ya Q, kwa sababu bakteria hao hujificha ndani ya chembe za mwili ambako haiwafikii. Inayowafikia ni doksisaiklini, dawa ya zamani, ya bei nafuu, iliyopo hata kwenye vituo vidogo. Yaani tunaweza kuwa na dawa sahihi kabatini, mita tano kutoka kitandani, na mgonjwa asiipate kwa sababu hakuna aliyesema kupe.

Kwa watoto tulizoea kuiogopa kwa sababu ya rangi ya meno. Siku hizi mamlaka za afya, za Marekani zikiwemo, zinasema kwa dozi fupi na kwa ugonjwa kama homa ya kupe, hata mtoto mdogo apewe, kwa sababu kuchelewa ni hatari kuliko meno. Uamuzi huo ni wa daktari. Usiende kuinunua. Mjamzito hapaswi kuinywa kwa kujiamulia. Brusela haitibiwi kwa doksisaiklini peke yake wala kwa wiki moja, na moja ya dawa zinazoambatana nayo ni ileile inayotumika kwa kifua kikuu, kwa hiyo ukiinywa ovyo unaweza kuharibu silaha ya ugonjwa mwingine. Wapo wenzangu wanaohofia kwamba makala kama hii itawafanya watu wakimbilie antibaiotiki. Hofu yao ni ya haki. Lakini watu tayari wanazinywa, tena zisizo sahihi, kwa taifodi wasiyokuwa nayo.

Serikali nayo ina sehemu yake. Mwaka 2017 nchi ilichagua magonjwa sita ya kipaumbele yanayotoka kwa wanyama, yakiwemo kichaa cha mbwa, kimeta na brusela. Ni orodha ya maana. Homa ya mgunda haikuwamo, wala ya kupe, wala ya Q, ingawa takwimu za Moshi zilikuwa zimechapishwa miaka minne kabla. Baada ya Ruangwa, natumaini orodha hiyo inatazamwa upya. Tunasikia sana kuhusu Afya Moja kwenye semina. Mimi ningependa kuiona kijijini, kwa jambo dogo kabisa: mbuzi watatu wakitupa mimba kijiji kimoja, ofisa mifugo ampigie simu muuguzi wa zahanati. Inawezekana. Kati ya 2017 na 2019 watafiti waliwatumia maofisa mifugo wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara kuripoti mifugo inayotupa mimba, na matukio 215 yakachunguzwa. Miongoni mwa vilivyokutwa ni homa ya Q na homa ya Bonde la Ufa. Taarifa hizo zilikuwa bandani kabla hazijafika wodini.

Wakati tunasubiri simu hiyo, anza na yaliyo mikononi mwako. Ukizalisha mnyama, vaa glavu. Huna, funga mifuko ya plastiki isiyotoboka mikononi hadi kwenye viwiko, na ukimaliza nawa kwa sabuni. Kondo la nyuma na mimba iliyotupwa zifukiwe kwa kina au zichomwe, asipewe mbwa. Ukisafisha banda, vaa buti, funika kidonda. Mnyama aliyekufa mwenyewe asiliwe, hata kama nyama inaonekana nzuri. Kimeta hakina huruma. Ng'ombe waogeshwe kwa dawa kama ofisa mifugo anavyoelekeza.

Kupe akikung'ang'ania, usimpake mafuta ya taa wala kumchoma na kiberiti. Anaposhtuka anaweza kutema aliyonayo ndani yako. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute polepole moja kwa moja bila kumzungusha, kisha osha kwa sabuni. Andika tarehe mahali. Homa ikija ndani ya wiki mbili au tatu, nenda nayo tarehe hiyo.

Na mtoto mwenye homa anayepata degedege, anayeshindwa kunyonya au kutapika kila kitu, anayepumua kwa haraka, anayelegea, mwenye macho ya manjano, anayetoka damu au asiyekojoa, usisubiri asubuhi wala usimpitishe duka la dawa. Mpeleke hospitali, na ukifika pale mapokezi, baada ya jina na umri, sema pia kama nyumbani kuna ng'ombe, mbuzi au kondoo, kama kuna aliyezaa au kutupa mimba mwezi huu, kama mnakunywa maziwa bila kuchemsha, kama mtoto amekutwa na kupe, na kama ameshinda kwenye majaruba ya Chekereni au Mabogini. Kwa haraka haraka, ni nusu dakika.